Oya, Brashi Haipaki!

Oya wanangu wa Majengo, Utemini, Misuna mpaka Mandewa, sogeeni hapa. Leo tunaongea kuediti picha. Kuediti kwenyewe, ndani ya kompyuta, Photoshop au GIMP. Siyo zile filta za simu, unagusa mara moja uso unameremeta kama umemwagiwa mafuta ya alizeti. Filta kila mtu anayo. Bibi yako anayo. Ukitaka kuwa mkali kwenye mkoa huu wa Singida lazima uingie kwenye programu yenyewe, na ukiingia utalia. Nakupa taarifa mapema ili ukilia usijione mshamba. Wote wanaojua walilia.

Maana inavyokuwaga ni hivi. Mchizi kapata laptopu ya mtumba. Mwanae wa chuo kamwekea programu. Anafungua, kioo kizima vidude. Kushoto vidude, kulia vidude, juu kuna maneno, ukigusa neno yanashuka maneno mengine. Anachukua brashi, anachagua rangi nyekundu, anapaka. Haipaki. Anakandamiza mausi. Haipaki. Anazima, anawasha. Haipaki. Dingi anapita nyuma anasema, "Hayo magemu yatakutoa macho." Mtoto anafunga laptopu, anarudi kwenye filta. Kipaji kimezikwa hapo hapo sebuleni.

Sasa skia, nakumwagia siri ambayo watoto wa mjini wanaibania. Brashi ikigoma, karibu kila mara sababu ni moja kati ya tatu. Ya kwanza, ulizungushia kieneo mahali, labda kwenye sikio, ukakisahau. Programu inakutii: paka humo humo sikioni, kwingine marufuku. Bonyeza Ctrl+D kama ni Photoshop, Ctrl+Shift+A kama ni GIMP, kieneo kinapotea, brashi inarudi kazini. Ya pili, umesimama kwenye leya (tabaka la picha) ambayo siyo. Unapaka ya chini wakati ya juu imeifunika, yaani rangi inaingia kweli, ila huioni. Ya tatu, leya imepigwa kufuli. Basi. Hujarogwa na laptopu haina jini.

Leya ndo mpango mzima, mzee baba. Chini kabisa kuna picha: pisi kasimama juu ya mawe ya Ziwa Singidani. Juu yake leya ya mwanga. Juu yake leya ya rangi. Juu kabisa maandishi. Unagusa moja, zingine hazina habari. Anayeanza huwa anafanya kila kitu kwenye leya moja, akikosea juu kaharibu mpaka chini, halafu anatukana programu. Programu imekukosea nini?

Na tuheshimu, kuna watu walikamua bila hizo leya. Photoshop ilianzishwa 1987 na ndugu wawili wa Marekani. Thomas Knoll alikuwa anasomea PhD Chuo Kikuu cha Michigan, John Knoll alikuwa anapiga mzigo Industrial Light & Magic, wale wa maujanja ya Star Wars. Picha ambayo John alikuwa anaitumia kuwaonyesha watu maajabu yake ni ya mpenzi wake kakaa ufukweni Bora Bora. Yaani toka siku ya kwanza kabisa kitu hiki kilikuwa kwa ajili ya kumpendezesha shemeji. Ikaingia sokoni Februari 1990. Leya zikaja 1994, toleo la tatu. Na shika hii: mpaka toleo la tano lilipotoka 1998, ulikuwa unaweza kurudi nyuma hatua moja tu. Moja! Ukizingua mara mbili mfululizo, imekula kwako. Sisi tunabonyeza Ctrl+Z mpaka kidole kinachoka, halafu mtu ananiambia Photoshop ngumu. Tuna bahati kinoma.

Tuje kwenye aibu sasa. Aibu kuu ya mji huu ni ile suti.

Unaijua. Suti nyeusi, shati jeupe, tai nyekundu, inaishi ndani ya kompyuta ya steshenari. Unaenda na jezi yako ya Yanga unataka pasipoti saizi ya kuombea kazi. Jamaa anakusimamisha ukutani, chaa! Anakata kichwa, anakivalisha suti, nyuma anamwaga bluu, anaprinti. Nusu ya mtaa imeivaa. Mwalimu kaivaa, bodaboda kaivaa, mjomba wa kuku wa kienyeji kaivaa. Shingo inaangalia Manyoni, mabega yanaangalia Kiomboi. Kifua cha baunsa, kichwa cha dogo wa fomu tuu. Suti haijawahi kufuliwa, haijawahi kupigwa pasi, na bado inadunda.

Ila usiidharau biashara, maana hela ipo pale. Fomu gani Bongo haitaki picha? Kazi, shule, pasipoti, zote zinataka, na ile backgraundi ya bluu ndo lugha ya ofisi. Msela anayejua kukata kichwa freshi, kulinganisha rangi ya shingo na uso, na kusafisha kingo za nywele, huyo hakosi buku mbili tatu mfukoni. Nywele ndo mtihani wenyewe. Kipara kila mtu anakata. Afro? Rasta? Wigi lenye vinyweleo? Hapo ndo tunajua nani bishoo wa mdomo na nani fundi.

Fundi anajulikana kwa kitu kimoja. Hafuti. Anaficha.

Rudia kusoma hapo. Anayeanza anashika ile raba, anafuta ukuta nyuma ya kichwa, raba inapitiliza inakula sikio. Kesho yake anataka kurudisha sikio, sikio halipo, faili limeshasevuliwa. Fundi anaweka maski kwenye leya. Maski unaipaka kwa brashi: nyeusi inaficha, nyeupe inarudisha, kijivu inaficha nusu. Umekula sikio? Bonyeza X rangi zibadilishane, pitisha nyeupe, sikio hilo limerudi. Picha yenyewe chini haijaguswa hata kidogo. Ukielewa maski, ile hasira yote ya mwanzo inaisha, kwa sababu kila kosa linarudishika. Hiki ndo kitu ningetaka kila dogo wa Singida ajifunze kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya maandishi ya dhahabu. Kabla ya moto nyuma ya mgongo. Tafadhali, kabla ya mabawa ya malaika.

Halafu kuna kivuli. Mwaka 2016 dada mmoja wa Kenya aliposti picha zake akiwa China, mpaka kwenye Ukuta Mkuu yupo. Kabandikwa waziwazi, mwanga wake wa kivyake, wa China wa kivyake. Wakenya mtandaoni wakamchana, kila mtu akawa anambandika kwake, mara mwezini, mara sijui wapi. Mwisho wa siku watu wakachangishana, akapelekwa China kweli, kwa ndege kweli. Dada katusua! Mimi namkubali sana. Lakini kitaalamu, kilichomchoresha ni mwanga. Mtu akipigwa picha chumbani halafu ukamsimamisha juani, jicho la anayeangalia linakataa hata kama hajui kwa nini linakataa. Kabla hujabandika mtu, jiulize jua limetokea upande gani. Kivuli kilale upande wa pili, na kianzie miguuni. Ukikosa kivuli, mtu anaelea.

Hapo mzee wako atadakia: "Picha za zamani hazikuwa na uongo." Cheka tu. Fungua albamu yake uone. Kapiga picha ana miwani ya kuazima, nyuma kuna pazia limechorwa minazi, na minazi ya Singida iko wapi? Mombasa pale kivuko cha Likoni miaka ya 1990 wapiga picha walikuwa na mapazia ya ndege na meli, unalipia, unasafiri, unarudi nyumbani kwa miguu. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, alijifunza upigaji picha mwenyewe, na Bakor Studio yake ilikuwa inaunganisha picha juu ya picha kwa mkono miaka mingi kabla ya ndugu wa Knoll kuanzisha Photoshop. Wazee walikuwa wanabandika kuliko sisi. Tofauti ni kwamba hawakuwa na Ctrl+Z.

Ngozi sasa, na hapa siongei kwa utani. Acheni kuwafanya watu weupe. Unampiga demu picha, kajaaliwa rangi yake ya chokoleti tamu, unarudisha kitu cheupe pee, hakina pua, hakina kidoti, mama yake mwenyewe hamtambui. Chunusi ya jana toa, itaondoka wiki ijayo hata hivyo. Kovu, kidoti, mwanya, acha, ndo mtu mwenyewe. Vitundu vya ngozi viache pia, ukivilainisha vyote unapata mwanasesere. Na kama ngozi nyeusi imekuwa kijivu kwenye picha, dawa yake ni kurekebisha joto la rangi, siyo kumchubua mtu wa watu.

Kosa lingine la kwetu kabisa ni alizeti. Msimu ukifika, mashamba ya njano kila upande, kila pisi inataka picha katikati. Sawa, ni chimbo kali, hata Dar hawana. Halafu anayeanza anasukuma saturesheni (ukali wa rangi) mpaka mwisho. Ile njano inajaa, petali zinaungana, ua zima linakuwa doa. Tumia vibransi badala yake. Yenyewe inaamsha rangi zilizolala na inaionea huruma ngozi. Na usipige saa saba mchana. Jua la Singida saa saba linachimba mashimo chini ya macho, hakuna programu itakayoyafukia vizuri. Subiri saa kumi na moja na nusu, nenda Singidani au Kindai, mwanga unalala juu ya maji, mawe yanawaka, flamingo wakijileta shukuru Mungu. Picha ikiwa nzuri toka kwenye kamera, nusu ya kuediti umeshamaliza. Upepo tu ndo uuwekee akili, huku kwetu unaondoka na wigi.

Bei. Hapa ndo panauma. Photoshop ya kununua mara moja ukamaliza iliishia CS6, ya 2012. Toka 2013 ni kukodi, kila mwezi unalipa, na ukichukua Photoshop peke yake ni zaidi ya dola 20. Kwa hela yetu hiyo inavuka elfu 50 kwa mwezi. Kodi ya geto hiyo, mwanangu! Ndo maana masela wanakimbilia toleo la kuvunja kwenye flashi, linakuja na virusi, linakula mpaka picha za send-off ya dada yako. Usijipe msala huo. GIMP ni bure, ilianzishwa 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Ina leya, ina maski, inakimbia hata kwenye laptopu ya kizee. Photopea nayo ni bure, inafunguka ndani ya brauza, inafanana na Photoshop mpaka menyu, na kazi yote inafanyika kwenye mashine yako, kwa hiyo ikishafunguka haikamui bando. Una simu tu? Snapseed, bure, na ndani yake kuna maski pia, watu wengi hawajui.

Sevu mara kwa mara, umeme hauagi. Faili la kazi liwe PSD kwa Photoshop au XCF kwa GIMP, leya zibaki hai. JPEG ni ya kumkabidhi mteja, kila ukiisevu upya inapoteza kitu. Na ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa, umekesha usiku kucha halafu mteja anapokea ukungu.

Kama bado unajiuliza hii kitu inafika wapi, mcheki Osborne Macharia wa Kenya. Kasomea usanifu majengo, picha kajifunza mwenyewe. Kawachukua bibi na babu wa Kiafrika kawapiga pamba za maana, kawafanya mastaa, mpaka kazi yake ikaingia kwenye kampeni ya filamu ya Black Panther 2018. Yaani wazee walikuwa wakali siku zote, ila ilibidi apatikane mtu wa kuwaediti.

Kwa hiyo wanangu, pakua GIMP, jifunze leya, maski na kivuli, hivyo vitatu tu vinatosha kukutoa. Mkwanja wa kamera utafuata. Na wewe kaka wa steshenari, tunakupenda, unatusaidia sana na fomu zetu, ila tunakuomba kwa heshima zote: tafuta suti nyingine. Hata ya kijivu. Na ya kike.