Kilo Zimeondoka, Ngozi Imebaki

Mtu akipungua kilo 40, wanaomwona kwa mara ya kwanza hawamuulizi amefanyaje. Wanamuuliza anaumwa nini. Bagamoyo, kama ilivyo sehemu kubwa ya pwani, unene umehesabiwa kwa miaka mingi kuwa dalili ya raha na matunzo, na kukonda ghafla kumehusishwa na UKIMWI, kifua kikuu au kisukari. Kwa hiyo mwanamke aliyejinyima maandazi na wali wa nazi mwaka mzima, akatembea ufukweni kila alfajiri mpaka mizani ikakubali, hujikuta akijitetea kwa majirani. Akirudi chumbani na kuvua dera, anakutana na jambo jingine ambalo hakuna aliyemwandaa kwalo: mafuta yamekwenda, lakini ngozi iliyoyabeba bado ipo, imekunjamana tumboni, imelegea chini ya mikono na kushuka mapajani.

Wengi huamini wamekosea mahali, kwamba wangefanya mazoezi zaidi, au wangepungua polepole zaidi, ngozi ingerudi. Mara nyingi si hivyo. Ngozi iliyobaki haina maana kwamba kazi haijakamilika, na mwenye nayo anastahili kuambiwa ukweli huo mapema, kabla hajaanza kumaliza fedha zake kwenye mafuta ya kupaka.

Suala hili litazidi kuonekana. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri, na hali ilikuwa kubwa zaidi mijini. Jiji la Dar es Salaam nalo limekuwa likipanda kaskazini kuelekea Bagamoyo, kutoka Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Zinga. Wakati huohuo njia za kupunguza uzito zimeongezeka. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa huduma ya kuweka puto tumboni, na mwanamuziki Peter Msechu ni miongoni mwa waliosema hadharani kwamba wamewekewa. Mwaka 2023 Mloganzila ikaongeza upasuaji wa kurekebisha mwonekano wa mwili. Profesa Mohamed Janabi, aliyekuwa akiiongoza Muhimbili wakati huo, amefanya uzito kuwa mazungumzo ya kila siku kwenye redio na mitandao. Kuhusu kula na kupima sukari watu wamesikia mengi. Kuhusu ngozi inayobaki, bado wamesikia kidogo sana.

Chini ya ngozi ya juu, ile tunayoiona na kuisugua, kuna ngozi ya ndani iliyo nene zaidi. Humo mna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini zinazoirudisha mahali pake ikivutwa. Kolajeni mwili huendelea kuitengeneza, ingawa kwa kasi inayopungua kadiri umri unavyosogea. Elastini ni habari nyingine: nyingi hutengenezwa tangu mtoto akiwa tumboni mwa mama yake hadi utotoni, na baada ya hapo huongezeka kidogo mno. Unene ukikaa miaka 15 au 20, nyuzi hizo hukatika na kupangika ovyo, kama lastiki ya sketi iliyovutwa kila siku mpaka ikasahau kurudi. Wataalamu waliochunguza kwa hadubini vipande vya ngozi vilivyokatwa kwa watu waliopungua sana wamekuta kolajeni nyembamba kuliko kawaida na elastini iliyoharibika. Ngozi hiyo imeumia, na nidhamu peke yake haiwezi kuiponya.

Ndiyo maana watu wawili wanaopungua kwa njia ileile hawapati matokeo sawa. Kijana wa miaka 24 aliyenenepa chuoni na kupunguza kilo 12 huenda asibaki na chochote zaidi ya michirizi. Mama wa miaka 48 aliyezaa mara tano, akabeba unene kwa miongo miwili na kupunguza kilo 45, karibu hakika atabaki na mikunjo. Kilo zilizopotea, muda ambao unene ulikaa, umri, mimba, urithi wa familia, jua na sigara vyote vinahesabiwa. Kwa mvutaji, kuacha sigara ni hatua moja iliyo mikononi mwake hata leo.

Ngozi hupewa muda. Kwa baadhi ya watu, hasa vijana, huendelea kujikaza kiasi kwa mwaka mzima au zaidi baada ya uzito kutulia. Baada ya hapo, kilichobaki kwa kawaida hubaki.

Pwani ina utaalamu wake wa mwili wa mwanamke, na ni haki kuuangalia kwa heshima. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, kisha tumbo hufungwa mkaja, kanga iliyokunjwa na kukazwa na bibi au mkunga kwa siku 40. Bi harusi husuguliwa singo mpaka ngozi inang'aa. Mkaja hutegemeza misuli na mgongo, na wanawake wengi husema wanajisikia imara wakiwa wamefungwa. Singo huondoa ngozi iliyokufa na kuacha harufu nzuri. Lakini hakuna kati ya hivyo kinachofika kwenye elastini iliyokatika. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi kavu na hupunguza kuwasha, basi. Anayeuza mkanda au mafuta kwa ahadi kwamba ngozi ya tumbo itapanda tena anauza kisichokuwapo.

Hatari ya kweli iko kwenye mkorogo, yaani krimu za kujichubua. Krimu zenye steroidi kali, zinazouzwa madukani bila cheti cha daktari, huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuiongezea michirizi. Zenye zebaki zinaweza kuharibu figo. Mtu aliyebaki na ngozi dhaifu ndiye wa mwisho anayepaswa kuzigusa, na hasa asizipake ndani ya mikunjo, ambako joto na unyevu huongeza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Mazoezi yana faida, mradi mtu ajue yanafanya nini. Hayakazi ngozi. Hujaza misuli iliyo chini yake, na mkono wenye misuli huonekana umebana kuliko mkono mtupu. Misuli nayo hujengwa na protini, na ukanda huu haujakosa: dagaa, samaki, kunde, mayai. Kabla ya kukata tamaa na tumbo, mtu ajipime kwanza. Akiwa amesimama, afinye mkunjo kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa mwembamba na laini, ni ngozi, na ukiwa mnene, mafuta bado yapo na safari ya kupungua haijafika mwisho. Kisha alale chali, ainue kichwa kidogo, apitishe vidole katikati ya tumbo juu ya kitovu. Vidole viwili au zaidi vikizama kwenye ufa, misuli ya tumbo imeachana, jambo la kawaida kwa waliozaa. Hapo mazoezi ya kukaza tumbo chini ya mtaalamu wa fiziotherapia husaidia sana. Uvimbe unaotokeza kitovuni anapokohoa unaweza kuwa ngiri, na huo ni wa kuonyeshwa daktari.

Linalowatesa wengi zaidi kila siku, na linalozungumzwa kwa aibu kubwa zaidi, ni kinachotokea ndani ya mkunjo. Kipindi cha kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hewa ya Bagamoyo ni ya joto lenye unyevu, na jasho lililonaswa kati ya ngozi na ngozi halina pa kwenda. Ngozi hulowa, husuguana, huchubuka. Fangasi hupata makao: mahali panawasha, panawaka moto, panakuwa pekundu au peusi zaidi, kingo zinatoa vipele vidogo, na harufu inafuata. Mwenye tatizo huanza kukwepa shughuli, huacha kukaa karibu na wenzake kwenye daladala, hujimwagia manukato ambayo huzidi kuchoma. Wengine huliita suala la uchafu. Hilo ni kosa na ni dhuluma, kwa sababu hata anayeoga mara tatu kwa siku hulipata.

Utunzaji wake ni rahisi lakini unahitaji subira. Mkunjo unainuliwa na kuoshwa kwa maji na sabuni laini, bila dodoki. Kisha unakaushwa kwa kubonyeza kitambaa cha pamba, usisuguliwe, na kuachwa wazi dakika chache mbele ya feni au dirisha. Kipande cha kanga kuukuu, safi, kilichochakaa mpaka kikawa laini, kinalazwa ndani ya mkunjo ili ngozi isigusane, na kinabadilishwa kila kinapolowa. Nguo za ndani ziwe za pamba. Poda ya unga huganda na jasho, kwa hiyo iachwe. Fangasi ikishaingia, krimu ya klotrimazoli hutibu visa vingi, na huendelea kupakwa kwa muda ulioelekezwa hata baada ya muwasho kwisha. Ikirudi kila mara, mtu apime sukari, kwa maana kisukari hulisha fangasi. Kidonda, usaha, homa au wekundu unaosambaa havingojwi nyumbani.

Wauguzi na matabibu wa vituo vya afya wangesaidia kwa swali moja tu kwa kila aliyepungua sana: chini ya tumbo kukoje? Mgonjwa hatalianza yeye.

Ngozi iliyobaki inapokuwa nyingi, tiba inayoiondoa kwa hakika ni kisu. Si jambo jipya: mwaka 1899 Howard Kelly wa Johns Hopkins huko Baltimore alieleza upasuaji wa kuondoa tumbo lililoning'inia la mgonjwa wake. Leo kuna aina mbili kuu. Ya kwanza huondoa ngozi inayoning'inia tu, kwa ajili ya vidonda, fangasi na shida ya kutembea. Ya pili hukaza pia misuli iliyoachana na kuhamisha tundu la kitovu. Kunyonya mafuta hakumo katika orodha hii; mafuta yakinyonywa chini ya ngozi iliyolegea, ngozi hulegea zaidi.

Daktari makini hakimbilii. Atataka uzito uwe umetulia kwa miezi kadhaa, mara nyingi sita, na kwa waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula atasubiri mwaka hadi mwaka na nusu. Atapima damu, sukari na lishe, kwa sababu waliopungua haraka mara nyingi wana upungufu wa madini chuma na protini, na kidonda kirefu hakifungi bila hivyo. Ataagiza sigara iachwe angalau mwezi mmoja kabla. Mwanamke anayetarajia kuzaa atashauriwa azae kwanza. Halafu ataangalia kovu la chanjo ya kifua kikuu mkononi na matundu ya masikio: yakiwa yamevimba na kuwa keloidi, kovu jipya linaweza kufanya hivyohivyo, na ngozi nyeusi ina mwelekeo huo zaidi kuliko nyeupe.

Siku yenyewe mgonjwa husimama wima huku daktari akichora kwa kalamu, kwa kuwa akilala ngozi huhama na mipaka hupotea. Mkato hupita chini ya tumbo kutoka nyonga hadi nyonga, mahali pa kovu la upasuaji wa uzazi lakini mrefu mara kadhaa. Mirija midogo huachwa itoe majimaji yanayojikusanya. Kovu ni la maisha, na asiyelikubali kovu hilo asikubali upasuaji. Kuna pia hatari ya kidonda kuachia, maambukizi, kufa ganzi kwa ngozi ya tumbo, na damu kuganda miguuni, ambayo ikipanda mapafuni huua. Kwa sababu hiyo mgonjwa huinuliwa atembee mapema, mgongo ukiwa umeinama kidogo ili mshono usivutwe.

Nairobi ilipata somo chungu Oktoba 2024, mwanamke mmoja alipofariki baada ya matatizo yaliyofuatia huduma ya kunyonya mafuta katika kituo cha urembo, na mamlaka zikaagiza kituo kifungwe. Upasuaji wa kuondoa ngozi nao unapaswa kufanyika mahali penye mtaalamu wa dawa za usingizi, damu ya akiba na chumba cha wagonjwa mahututi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na amebobea katika nini.

Gharama ni mzigo. Bima kwa kawaida hazilipii urembo, kwa hiyo fangasi au vidonda vinavyorudi viandikwe kliniki kila vinapotokea. Kumbukumbu hizo ndizo zinazoonyesha kwamba mtu anahitaji tiba. Kwa mkazi wa Bagamoyo kuna pia umbali: basi hadi Makumbusho, kisha njia ya Mbezi na Kibamba hadi Mloganzila, akiwa na mirija tumboni. Ni heri apange kukaa wiki mbili za mwanzo kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Kunyanyua vitu vizito husimama takriban wiki sita, na hapo mama lishe anayeinua masufuria, au mkulima wa mwani wa Mlingotini anayebeba viroba vilivyolowa, anahitaji mtu wa kushika kazi yake, na mtu huyo atafutwe kabla tarehe ya upasuaji haijapangwa.