Nyanya Sugu kwa Virusi: Ipime Kabla ya Kuilima (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi rasta, ugonjwa wa virusi wa nyanya, inavyoingia shambani. Inzi weupe hufyonza mche mgonjwa, kisha huhamishia virusi kwenye mche mzima. Majani hujikunja, kingo hugeuka njano, mmea hudumaa na maua hupukutika. Dawa ya kuuponya hakuna. Leo tuitazame mbegu.

Ukiambiwa dukani kwamba mbegu ni "sugu kwa virusi", uliza: virusi gani? Tengeru 97, iliyoidhinishwa mwaka 1997, hustahimili virusi vya mozaiki, ambavyo si vya rasta. Kwenye pakiti tafuta herufi TYLCV. Hizo humaanisha virusi vya rasta. HR ni ukinzani wa juu, IR ni wa kati. Ukinzani huo, kama ule wa jeni Ty-1, ulitokana na nyanya pori za Amerika Kusini. Mmea wenye jeni hiyo huweza kubeba virusi huku ukizaa, hivyo mabaki ya nyanya za msimu uliopita lazima yang'olewe.

Mkulima wa Sumbawanga ana hesabu nyingine. Mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, kwenye baridi. Bonde la Ziwa Rukwa liko karibu mita 800, kwenye joto analolipenda inzi mweupe. Huku juu, masika yanapokolea, bakajani chelewa linaweza kulimaliza shamba zima, na jeni ya rasta haizuii ukungu huo.

Kwa hiyo jaribu mwenyewe. Chukua aina tatu, moja iwe ile uliyoizoea isiyo na ukinzani. Tenga vitalu tisa, kila aina ipate vitatu vilivyotawanywa, kwa kuwa rutuba na unyevu havilingani shamba zima. Mbolea, maji na dawa viwe sawa. Kila wiki hesabu miche yenye rasta. Yenye bakajani ihesabu peke yake. Wakati wa mavuno pima kilo zinazouzika tu, kisha toa gharama za mbegu kwenye thamani yake.

Jambo moja lisisahaulike: kama ile aina ya zamani nayo haikupata rasta, msimu huo haujapima ukinzani wowote. Rudia.

Ndugu mkulima, usiikabidhi eka nzima kwa mbegu ambayo hujaiona ikiugua wala ikistahimili kwenye udongo wako.