Tumbo jekundu la meli na malori ya shaba ya Tunduma

Siku ukivuka kwa pantoni kutoka Magogoni kwenda Kigamboni, ukabahatika kupishana na meli kubwa inayotoka bandarini ikiwa imeshusha mzigo, itazame karibu na maji. Juu imepakwa rangi aliyoitaka mwenyewe, bluu, nyeusi au nyeupe. Chini, pale ambapo maji yangefika kama ingekuwa imesheheni, mara nyingi utaona mkanda mpana wa rangi nyekundu, wekundu wa tofali lililoiva vizuri. Kwa miaka mingi nilidhani ni pambo tu, au alama ya kumwonyesha nahodha mzigo ulivyokaa.

Ni shaba. Wekundu ule asili yake ni oksidi ya shaba, unga mwekundu unaochanganywa kwenye rangi ya kupakwa tumbo la meli. Siku hizi viwanda huweza kuificha ndani ya rangi nyingine, lakini nyekundu bado ndiyo iliyozoeleka. Sisi wa Tunduma tunaifahamu shaba katika sura nyingine kabisa: mabamba mazito yaliyofungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, yamelazwa juu ya matrela na kufunikwa turubai, yametoka Ukanda wa Shaba wa Zambia au Katanga huko Kongo, yakisubiri karatasi zake zipite mpakani ili lori lishuke Dar es Salaam. Shaba ya dunia kwa sehemu kubwa huishia kwenye nyaya za umeme na mitambo. Sehemu ndogo huenda kwenye rangi ya meli, na sehemu hiyo ndogo inapigana vita ambayo watu wa Songwe tunailipia bila kuwahi kuiona.

Adui wa vita hiyo hazidi ukubwa wa ukucha. Aliyewahi kutembea peku kwenye mwamba wa pwani maji yakiwa yamekupwa anamjua, maana huenda alishamchana mguu. Ni vile vigamba vyeupe vigumu vilivyojazana kwenye mawe na nguzo za gati, kila kimoja mfano wa kichuguu kilichokatwa kilele. Katika makala haya nitaviita hivyo, vigamba.

Kwa sababu ya ganda lake, watu humdhania kuwa jamii ya chaza au konokono. Wataalamu wa Ulaya nao walidhani hivyo mpaka miaka ya 1830, alipochunguzwa mtoto wake na ikagundulika kuwa ni ndugu wa kamba na kaa. Charles Darwin, kabla ya kitabu kilichompa jina mwaka 1859, alikaa miaka 8, kuanzia 1846 hadi 1854, akipasua na kuchora vigamba kutoka kila pembe ya dunia. Mimi simshangai. Maisha ya kiumbe huyu ni ya ajabu kweli. Akiwa mchanga anaelea baharini, mdogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho. Anabadilika umbo mara kadhaa, na katika umbo la mwisho la utoto hali tena chakula. Kazi inayobaki ni moja tu, kutafuta pa kuishi. Akigusa kitu, hutembea juu yake kwa vipapasio huku akikionja. Pasipomridhisha huondoka. Pakimridhisha, hutoa gundi kichwani, hujibandika kichwa chini miguu juu, hujizungushia ukuta wa chokaa, na tangu hapo hula kwa kupunga miguu majini na kunasa chochote kinachopita. Hahami tena mpaka kufa. Gundi yake hushika ndani ya maji, kwenye kitu kilicholowa na kuchafuka, jambo ambalo gundi nyingi za dukani haziliwezi. Mwaka 2021 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani waliiga mfano wake wakatengeneza dawa ya kubandika kwenye kidonda ili kuzuia damu kutoka.

Kigamba kimoja kwenye meli si kitu. Lakini kikitangulia kimoja, wengine huvutwa na harufu ya mwenzao, na baada ya muda tumbo lililokuwa laini kama sahani linakwaruza kama jiwe la kusugulia miguu. Maji yaliyokuwa yakiteleza sasa yanashikwa. Dereva wa lori aliyewahi kupanda mlima wa Kitonga huku breki za trela zinashika hahitaji kuelezwa zaidi: injini inalia, mafuta yanakwisha, na mwendo haupatikani.

Michael Schultz wa chuo cha jeshi la majini la Marekani alikokotoa mwaka 2007 kwamba manowari yenye vigamba vingi na vikubwa huhitaji nguvu ya injini iliyoongezeka hadi asilimia 86 ili kudumisha mwendo wake wa kawaida wa safari. Hata ute mwembamba tu, ule utelezi wa kijani unaotangulia vigamba, huongeza mzigo wa zaidi ya asilimia 10. Mwaka 2011 yeye na wenzake walikadiria kuwa uchafu huu hulitia jeshi hilo hasara ya dola milioni 56 kwa mwaka, kwa manowari za aina moja tu. Sasa ondoa manowari, weka meli ya kontena inayochoma makumi ya tani za mafuta kwa siku. Weka meli inayoleta kutoka Japani magari yale ambayo hapa kwetu tunayaita ya IT, yanayopita kwa misafara kwenda Zambia na Kongo. Weka meli ya mbolea ya mahindi ya Momba, na ile itakayobeba kahawa ya Mbozi kwenda ng'ambo. Mafuta ya ziada yanayochomwa njiani kwa sababu ya vigamba yana mtu wa kuyalipia, naye si mwenye meli peke yake.

Kwa meli za watalii gharama ya vigamba si mafuta tu. Mwishoni mwa Desemba 2022, meli ya Viking Orion, yenye nafasi ya abiria 930, ilikuwa ikizunguka New Zealand kuelekea Australia. Chini yake yakakutwa mabaki ya viumbe vya bahari vilivyojishikiza. New Zealand tangu 2018 ina sheria kali ya kutaka meli za nje ziingie zikiwa na tumbo safi, hivyo meli hiyo ikanyimwa ruhusa ya kuingia katika bandari ilizopangiwa. Hobart, upande wa Australia, nako ikashindikana. Mamlaka za Australia zikataka isafishwe kwanza bahari kuu, ikabidi watafutwe wapiga mbizi. Watu waliokuwa wamelipia safari ya kuona milima na miji waliupokea mwaka mpya wakiwa wamesimama kilomita zipatazo 27 kutoka Adelaide, nchi kavu wakiikosa, mpaka meli iliporuhusiwa kuendelea kwenda Melbourne mwanzoni mwa Januari 2023.

Wapo waliowaona wakubwa wa nchi hizo kama watu wa makuu. Mimi naona walikuwa na haki. Meli chafu hubeba wageni, na mgeni wa baharini akishaingia kumtoa ni shida. Mwaka 1999 katika bandari za mashua za mji wa Darwin, Australia, walikutwa kome wadogo wa kigeni waliokuwa wamejaa kila mahali. Serikali ikafunga maeneo hayo na kuyamwagia klorini na mrututu, ikaua karibu kila kiumbe kilichokuwa ndani ili kuwamaliza wale kome. Walifanikiwa.

Mrututu! Mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyebeba bomba la kupulizia mgongoni anaijua siri hii kuliko nahodha. Dawa za shaba anazozipuliza kupambana na kutu ya majani na chulebuni hufanya kazi ileile inayofanywa na rangi nyekundu baharini. Shaba ikiyeyuka kidogo kidogo, kiumbe mdogo anayetaka kujishikiza hudhurika kabla hajaota.

Waingereza waliligundua hilo kwa kubahatisha. Mwaka 1761 waliifunika manowari yao iitwayo Alarm kwa mabati ya shaba upande wa chini, na shida yao kubwa ilikuwa wadudu wanaotoboa mbao. Iliporudi kutoka visiwa vya Karibi mbao zilikuwa salama na tumbo halikuota vigamba. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeliwa na kutu vibaya. Wakajifunza kuitenganisha, na kufikia miaka ya 1780 manowari zao karibu zote zilikuwa zimevikwa shaba. Katika miaka ya 1820 mwanakemia mkubwa Humphry Davy akaombwa atafute namna ya kuizuia shaba yenyewe isiliwe na maji ya chumvi. Akashikiza vipande vya chuma, na shaba kweli ikaacha kuliwa. Furaha haikudumu. Meli zilizokingwa hivyo zikaota vigamba na majani kupita kiasi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba shaba hulinda meli kwa kujitoa yenyewe. Isipoyeyuka, haina faida.

Si kila aliyehitaji meli safi aliipata kwa wakati. Karibu na pwani yetu, kisiwani Nosy Be huko Madagaska, kundi la manowari za Warusi lilitia nanga mapema mwaka 1905 likiwa njiani kwenda kupigana na Wajapani. Likakaa kwa wiki nyingi katika maji ya joto, meli zikaota majani na vigamba, na hapakuwa na mahali pa kuzisafishia. Zilipofika Tsushima mwezi Mei, zilizidiwa mwendo na zikaangamizwa. Sababu za kushindwa kwao zilikuwa nyingi, lakini matumbo machafu hayakosekani katika hesabu hiyo.

Wazee wa pwani ya Waswahili wao hawakungoja shaba. Jahazi husogezwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yanapokupwa linabaki juu ya mchanga, na watu hulivamia kwa vyuma vya kukwangulia kabla maji hayajarudi. Huwashwa moto wa makuti chini ya mbao ili kuua wadudu watobozi. Fundi hupiga kalafati pale palipoachia, kisha tumbo hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta ya wanyama na chokaa. Kazi hiyo hurudiwa tena na tena katika maisha ya chombo. Ni ujuzi wa kuheshimiwa, na nasikitika kwamba vijana wanaoujua wanapungua.

Baada ya mabati ya shaba na rangi ya shaba, dunia ilipata dawa kali zaidi, yenye madini ya bati, ambayo kwa ufupi huitwa TBT. Ilifanya kazi vizuri mno. Katika ghuba ya Arcachon, Ufaransa, chaza wakaanza kuota maganda yenye ulemavu na vizazi vyao vikapotea, mpaka nchi hiyo ikaiwekea marufuku mwaka 1982. Mkataba wa kimataifa wa kuiondoa ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kazi 2008. Tangu hapo shaba imerudi kuwa tegemeo kuu, ingawa nayo ina lawama zake kwa kurundikana kwenye tope la bandari. Viwanda sasa vinatengeneza pia rangi za silikoni, zenye utelezi kiasi kwamba kigamba hakipati pa kushika. Zikishika soko, sijui viwanda vitanunua shaba pungufu kiasi gani, lakini ningefurahi kuona bahari inapumua.

Huku kwetu bara hatukuwa na sababu ya kuyajua haya. Vigamba vinavyosumbua meli ni vya maji ya chumvi, haviishi katika maji baridi ya maziwa yetu. Ndiyo maana meli ya Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande, iliweza kuzamishwa na mafundi wake wenyewe wakati wa vita, Julai 1916, ikalala kwa miaka chini ya Ziwa Tanganyika, kisha ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927. Mafundi walikuwa wameipaka injini grisi nyingi kabla ya kuizamisha, na hiyo ilisaidia. Lakini kama ingelala miaka yote hiyo nje ya Dar es Salaam, waliokuja kuiibua wangekuta mwamba wa chokaa. Watu wa Kasanga waliozoea kuiona ikija hawakuwahi kufikiria jambo hilo, na hawakuwa na haja.

Haja tunayo sisi tulio kwenye barabara. Kigamba hupenda meli iliyosimama. Kwenye meli inayokwenda, maji hupita kasi, mtoto wa kigamba hapati nafasi ya kuonja na kujibandika. Inayongoja nje ya bandari yenye joto kama Dar es Salaam humpa siku nzima, wiki nzima. Na meli hungoja kwa sababu gati limejaa, na gati hujaa kwa sababu mzigo hautoki, na mzigo unaokwenda Zambia na Kongo hautoki haraka kama malori hayarudi. Tangu kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde kifunguliwe mwaka 2019, lori hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Hata hivyo foleni hatujaagana nayo. Zipo siku inanyoosha mkia hadi nje ya mji, matingo wanapika ugali kando ya magurudumu, na madereva wanahesabu usiku wa ngapi.

Katika foleni ya namna hiyo kuna trela za shaba, zimeelekea Dar es Salaam, turubai zimefungwa kamba vizuri. Meli iliyokuja kuichukua shaba hiyo huenda imetia nanga nje ya bandari, haisogei. Na chini yake, katika maji ya uvuguvugu, watoto wa vigamba wanatembea juu ya rangi nyekundu, wanaionja.