Ua la Uani: Hopi na Bia ya Nyumbani

Mwanzoni mwa Septemba, katika bustani nyingi za Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kuna maua ya kijani yanayoning'inia kwa mafungu juu ya uzio. Kila ua lina ukubwa wa kidole gumba, na magamba yake membamba yamepandana kama ya tunda la msonobari. Mwenye bustani huchuma moja, hulipasua kwa kucha, hulisugua viganjani kisha huinamisha pua. Viganja hubaki na unga wa manjano unaonata kama ulimbo wa fenesi. Ua la mmea mmoja hunukia ganda la balungi. La jirani yake, hatua mbili tu mbele, hunukia majani makavu na udongo uliolowa mvua. Hiyo ndiyo hopi, na unga ule, uitwao lupulini, ndio unaoipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu yake.

Wanywaji wengi wa bia Afrika Mashariki hawajawahi kuuona mmea huu. Shayiri wanaijua, kwa kuwa hulimwa Kenya na Tanzania, lakini hopi huja kutoka ng'ambo. Hata hivyo kazi yake si ngeni kwetu. Wachaga wanapopika mbege ya ndizi na ulezi hutia gome la msesewe ili kuleta uchungu, na Waethiopia hutumia gesho katika tela na teji. Utamu wa nafaka na matunda hukinaisha upesi, na ulimi hutafuta kitu cha kuukata. Ulaya nako wapishi wa zamani walichanganya majani mbalimbali ya porini kabla ya hopi kuyashinda yote. Silaha yake ilikuwa moja zaidi ya uchungu: huzuia bakteria wanaochachua bia. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, aliandika kwamba uchungu wa hopi hukinga vinywaji visiharibike upesi. Mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliagiza bia ipikwe kwa shayiri, hopi na maji peke yake. Hamira haikutajwa, maana hakuna aliyeielewa wakati huo.

Mhopi ni ndugu wa bangi kwa ukoo, ingawa haulevyi. Kama mpapai, una mmea jike na mmea dume, na wanaotakiwa ni majike tu. Dume likiwa karibu, maua hujaa mbegu, na wapishi wengi hawazitaki. Ndiyo maana mkulima wa nyumbani hapandi mbegu. Hununua kipande cha shina la chini ya ardhi kilichokatwa kwa mmea jike unaojulikana, chenye macho mawili matatu, kama mtu apandavyo kipande cha muhogo au tangawizi. Hapo ndipo neno "aina" linapopata maana yake halisi. Kila mhopi wa aina ya Cascade duniani ni kipande cha mmea mmoja uliozaliwa Corvallis, jimboni Oregon, kutokana na mbegu ya mwaka 1956. Ukoo wake una Fuggle ya Uingereza na Serebrianka ya Urusi.

Cascade ilitolewa kwa wakulima mwaka 1972, na mwanzoni kampuni nyingi kubwa za bia hazikujua la kufanya nayo. Harufu yake ya balungi ilionekana kali mno. Waliothubutu kuitanguliza ni wadogo. Anchor ya San Francisco iliitumia katika Liberty Ale mwaka 1975, na Sierra Nevada ikaifanya roho ya Pale Ale yake mwaka 1980. Ladha ambayo leo dunia nzima huiita ya Kimarekani ilianzia hapo.

Kisa cha Profesa Ernest Salmon wa Chuo cha Wye, Kent, kinafurahisha zaidi. Mwaka 1916 alipokea kipande cha mhopi mwitu kilichotoka Morden, Manitoba, nchini Kanada. Ulikuwa mmea wa kando ya maji, usio na jina. Kutokana na mbegu zake aliuchagua mwaka 1919 mche uliokuja kuitwa Brewer's Gold, wenye utomvu mchungu kuliko hopi za Kiingereza za siku zile. Damu ya mmea ule wa porini imo katika aina nyingi chungu zinazolimwa leo.

Kupanda hopi uani kulipata nguvu sheria zilipolegea. Uingereza iliondoa leseni ya kupika bia nyumbani mwaka 1963. Marekani ilisubiri hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyoruhusu kaya yenye watu wazima wawili kupika hadi galoni 200 kwa mwaka kwa matumizi yao wenyewe. Mtu akishapika bia yake, haichukui muda kabla hajatamani kiungo kilichoota mbele ya macho yake. Shayiri inadai shamba na kazi ngumu ya kutengeneza kimea. Mhopi unadai ukuta wenye jua na kamba.

Kosa la wengi ni kuchagua aina kwa kufuata bia wanayoipenda. Anayependa bia zenye harufu ya maembe na pasheni hutaka Citra, kisha hugundua kwamba Citra ina hakimiliki na miche yake haiuzwi kwa watu binafsi. Anayependa lager ya Kicheki hutaka Saaz, ambayo karibu na mji wa Žatec, kwenye udongo mwekundu uliowazoesha watu hopi kwa karne nyingi, hutoa harufu ya upole isiyo na mfano. Mandhari ya Žatec yenyewe iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Lakini Saaz huzaa kidogo hata kwao, na ugenini mara nyingi hununa. Ardhi na hewa ya mahali ndivyo vinavyopaswa kuchagua kwanza, na ulimi ufuate. Cascade ni mvumilivu, huzaa kwa wingi na hustahimili ubwiri vinyoya kuliko nyingi. Fuggle huridhika na udongo mzito na hali ya ubaridi. Mwenye ua mdogo hana sababu ya kuhangaika na mmea wa mita 6 wakati First Gold ipo, aina fupi iliyozalishwa Wye, ambayo hutosheka na uzio wa mita 2 na nusu hivi.

Miche hupandwa majira ya kuchipua, Machi au Aprili huko kaskazini, katika shimo lenye mboji na samadi iliyooza. Aina mbili tofauti hutenganishwa mita moja na nusu au zaidi. Zikikaribiana huviringana juu, na siku ya kuchuma hakuna awezaye kusema ua lipi ni la nani.

Kamba nazo zina habari yake. Mashamba ya Uingereza, na yale ya bonde la Yakima jimboni Washington, yanakotoka takribani robo tatu ya hopi za Marekani, hutundika kamba za usumba, zilizosokotwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi. Nyingi hutoka Sri Lanka. Nyuzi zile zinazokwaruza ndizo mmea unazozitaka, kwa sababu mhopi hauna vikono vya kushikia kama mpasheni. Shina lake limejaa vinywele vigumu vilivyopinda, nao huparamia kwa kujizungusha, daima kwa mwelekeo wa mshale wa saa. Anayeuzungusha kinyume atarudi kesho na kuukuta umejifungua. Vinywele hivyo hivyo humkwaruza mkulima mikono hadi iwe na michirizi myekundu, na ndiyo maana wachumaji wazoefu huvaa mikono mirefu hata kwenye joto.

Machipukizi ya kwanza kabisa hukatwa. Yana haraka lakini ni matupu ndani na huvunjika ovyo. Hayatupwi, kwani huko Poperinge, Ubelgiji, huliwa kama mboga na bei yake ni ya kutisha. Katika yanayofuata, mawili au matatu huachwa kwa kila kamba. Kuanzia Juni mmea hushika kasi, na siku ya joto shina linaweza kuongezeka sentimita 25. Majani ya chini hupunguzwa hewa ipite, maana adui wakubwa ni ubwiri vinyoya na ubwiri unga, wakifuatwa na vidukari na utitiri. Mwenye mbwa awe mwangalifu kuliko wote. Hopi, iwe mbichi au machicha yake baada ya kupikwa, humpandisha mbwa joto la mwili kiasi cha kumuua, kwa hiyo machicha hayaachwi wazi uani hata kwa saa moja.

Je, mtu wa Arusha au Limuru anaweza kuupanda? Tatizo si ukosefu wa baridi, kama wengi wanavyodhani. Mwaka 2019 William Bauerle wa Chuo Kikuu cha Colorado State alionyesha kwamba mhopi unaweza kutoa maua vizuri bila kupitia baridi ya kipupwe, mradi mwanga udhibitiwe. Tatizo ni urefu wa mchana. Mhopi hurefuka siku zinapokuwa ndefu, kisha hutoa maua zinapoanza kupungua. Ndiyo sababu unapenda nchi zilizo kati ya nyuzi 35 na 55 kutoka ikweta, ambako mchana wa kiangazi unaweza kufika saa 16 au zaidi. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima. Mmea hudhani kiangazi kimekwisha, na hutoa maua machache ungali mfupi.

Afrika Kusini ilikutana na taabu hiyo hiyo. Karibu na mji wa George, nyuzi 34 kusini, wakulima walilazimika kuwasha taa juu ya mashamba jioni ili kuurefusha mchana. Baadaye watafiti wa huko walizalisha aina zinazoridhika na mchana mfupi zaidi, zikiwemo Southern Brewer, Southern Star na Southern Promise. Kwa hiyo anayetaka kujaribu Limuru ajiandae na taa, na asitarajie mavuno ya Kent.

Mwaka wa kwanza mmea hujenga mizizi, na maua ni ya kuonjea tu. Kufika wa tatu, mhopi mmoja uliotunzwa hutoa kati ya gramu 250 na kilo 1 ya maua makavu. Bia ya lita 20 yenye harufu ya kutosha huhitaji gramu 100 hivi. Ua lililo tayari hujulikana kwa mkono: likibanywa hurudi lilivyokuwa, na husikika kama karatasi. Lililo bichi hubaki limebonyea, laini na lenye unyevu. Yaliyochumwa hutandazwa kwenye chekeche kivulini, hewa ikipita, hadi kikonyo cha katikati kikatike kwa mlio badala ya kupinda. Kilo 5 za maua mabichi hubaki kilo 1. Kisha hufungwa kwenye mifuko iliyotolewa hewa na kuwekwa kwenye friza, kwani hewa huigeuza harufu nzuri kuwa ya jibini iliyochina.

Jikoni hopi ya nyumbani ina upungufu mmoja ambao haufichiki. Uchungu wa bia hutoka kwenye asidi za alfa, ambazo hubadilika umbo zikichemshwa kwa muda wa saa moja hivi ndani ya maji ya kimea. Hopi ya dukani huandikwa kiwango chake, mathalani asilimia 6. Ya uani haina namba, na kiwango hupanda na kushuka kila mwaka kwa mvua na jua. Wapishi wenye busara hununua hopi ya kuchemsha mwanzoni, kisha huitunza ya kwao kwa dakika za mwisho, wakati mafuta ya harufu hayajapata nafasi ya kutoroka na mvuke.

Au hawakaushi kabisa. Jumamosi ya mavuno sufuria hubandikwa watu wakiwa bado wanachuma, na maua mabichi huingizwa moja kwa moja, mara 5 au 6 ya uzito wa makavu, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji. Kusini mwa London wapo majirani wanaounganisha mavuno ya nyua zao siku hiyo na kuyapeleka kwa kiwanda kidogo cha karibu yakiwa hayajanyauka. Bia hiyo hunukia nyasi zilizokatwa na jani bichi, na kuipata wakati mwingine wa mwaka haiwezekani. Hunywewa Oktoba na Novemba. Kufika Krismasi harufu imeshafifia, na mmea wenyewe, uliokatwa hadi usawa wa ardhi, umelala chini ya samadi.