Maji Yachemkayo na Maji Yanywekayo

Masomo: Mwanzo 36:24, Yakobo 3:9-12



Mwanzo sura ya 36 ni sura ya majina ya ukoo wa Esau, na wengi wetu huiruka. Lakini katika aya ya 24 anatajwa mtu mmoja aitwaye Ana. Alikuwa akichunga punda za baba yake Sibeoni huko jangwani, akaziona chemchemi za maji ya moto. Basi, hayo tu. Hatuambiwi kama punda wale walikunywa. Nasi leo tuulize swali hilo: je, kila maji yaonekanayo jangwani hukata kiu?

Hapa Kenya tunazo chemchemi za namna hiyo. Kutoka kwetu Moding, njia hupanda hadi Eldoret, hupita Iten, hushuka Bonde la Kerio, hupanda tena Kabarnet, ndipo huteremka Marigat katika nyika kavu ya Baringo. Mbele ya Marigat liko Ziwa Bogoria. Serikali ilitenga mahali hapo kuwa hifadhi mwaka 1973, na mwaka 2011 pakaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wengi huenda kupiga kambi huko, na vijana wa makanisa wangefurahi kupaona.

Mgeni huona mvuke kwanza, tena kwa mbali. Akikaribia husikia maji yakinguruma, na mahali pengine huyaona yakiruka juu. Sababu yake ni hii. Mvua hunyesha juu ya milima, maji huzama katika nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na miamba yenye joto kali chini ya ardhi, kisha husukumwa juu tena. Hutoka yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 90. Wageni hutumbukiza mayai humo yakaiva.

Lakini maji hayo hayanywi mtu. Huunguza, tena yamebeba chumvi na magadi kutoka katika miamba. Ziwa lenyewe halina mto wa kutokea. Maji huingia, jua huyakausha, chumvi hubaki. Flamingo hula viumbe vidogo vya kijani vinavyoota humo, lakini msafiri mwenye kiu hapati msaada.

Kwa hiyo anayepiga kambi Bogoria hana budi kuwa na busara. Hubeba maji yake ya kunywa. Hawaachi watoto kukaribia chemchemi, kwa maana ukoko wa ardhi kando yake waweza kuwa mwembamba, na chini yake maji yanachemka. Huwauliza walinzi wa hifadhi kabla ya kusimamisha hema, kwa sababu baada ya mwaka 2010 ziwa lilipanda likafunika barabara na baadhi ya chemchemi. Upande wa kusini, chini ya mikuyu, kuna mahali palipojulikana kwa wapiga kambi kwa ajili ya kijito cha maji matamu. Kijito hicho hakina mvuke wala ngurumo, na mtu aweza kukipita asikione. Waendorois, waliochunga mifugo yao kando ya ziwa tangu kale, walijua wanyama walambe chumvi wapi, na wanywe wapi.

Ndugu, Yakobo anatuuliza kama chemchemi moja yaweza kutoa katika tundu lile lile maji matamu na machungu. Hakuwa anafundisha habari za miamba. Alikuwa anasema habari za ulimi, ule unaomhimidi Mungu na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Neno hili linatugusa sisi wa mpakani. Jumapili tunaimba mpaka jasho linatutoka. Vipaza sauti vinasikika ng'ambo ya pili, na mtu wa mbali husema, kule kuna moto wa Roho. Vema. Lakini Jumatatu sokoni wanakutana Mteso, Mbukusu, Msamia na jirani kutoka Uganda. Je, kinywa kile kile kinatoa maji gani? Tukimwita jirani majina ya dharau kwa sababu ya lugha yake, tukieneza habari za nyumba ya mjane, moto wetu umekuwa wa kuunguza. Aliyetujia na kiu ataondoka na malengelenge.

Tukumbuke pia habari za wasafiri wawili. Ramani za zamani ziliita ziwa hilo Hannington, kwa jina la Askofu James Hannington. Mwaka 1885 alipita Bonde la Ufa akafika Mumias, akaendelea magharibi kuelekea Uganda, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Alitoa uhai wake, nasi tunamheshimu. Lakini kule Mumias alikuwa amemwacha Kasisi William Jones, Mwafrika aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, pamoja na sehemu kubwa ya msafara. Habari ya msiba ilipofika, Jones ndiye aliyewakusanya watu wale wenye hofu na njaa, akawarudisha kwa miguu hadi Rabai, wakafika mapema mwaka 1886. Hakuna ziwa lililoitwa kwa jina lake. Hata hivyo watu wengi walifika nyumbani kwa sababu yake.

Ndugu mpendwa, usiache kuwaka kwa ajili ya Bwana. Ila wiki hii jichunguze: jirani yako akija kwako amechoka, atapata maji ya kunywa? Anza na mtu mmoja uliyemlaani kwa ulimi wako. Nenda kwake, umsalimu kwa jina lake, mpatane.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyewapa Israeli maji jangwani, safisha chemchemi ya mioyo yetu, ili vinywa vyetu viburudishe wala visiunguze. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.