Akiba Isiyotumika Huchakaa

Wahenga walituachia neno lisemalo kwamba akiba haiozi. Ni neno la kweli kwa fedha iliyowekwa benki na kwa mahindi yaliyokaushwa vema yakatiwa ghalani. Lakini mabaharia wa Unguja na Pemba wanafahamu kwamba tanga la akiba likikunjwa lingali na maji ya chumvi, likasahauliwa chini ya chombo bila ya kuanikwa, huota ukungu. Na siku tanga kubwa linapopasuka katikati ya bahari, ndipo nahodha anapotambua kuwa hakuwa na akiba yoyote. Nao wakulima wa viazi mviringo wa Kitulo na Njombe wanafahamu kwamba mbegu ya kiazi iliyofungiwa gizani hutoa machipukizi marefu, meupe na dhaifu, ilhali ile iliyotandazwa penye mwanga hafifu hutoa machipukizi mafupi yenye nguvu. Zote mbili zilikuwa akiba, na tofauti yake imetokana na jinsi zilivyowekwa.

Leo tunataka kulipima neno hilo la wahenga katika uwanja wa mpira wa kikapu. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Timu inaye mchezaji wa kati anayeanza kila mchezo, na inaye mwingine mrefu anayekaa benchi akingoja zamu. Je, imweke huyo wa pili, au imtoe ipate mwingine badala yake? Wako watakaosema kwamba hilo ni shauri la makocha na halistahili nafasi katika safu hii. Sisi tunaona vingine, kwa kuwa kijana wa Kitanzania aliwahi kuwa ndiye huyo wa benchi, na yaliyompata yana funzo kwa kila mwenye mamlaka juu ya vijana, kuanzia mwalimu wa michezo hadi wizara.

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani wameshacheza kwa miaka mingi. Urefu wake wa futi 7 na inchi 3, yaani mita 2.21, ulimfungulia njia ya kwenda kusoma ng'ambo, na kuanzia mwaka 2006 akawa katika Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun. Huko alitajwa mara mbili, mwaka 2008 na 2009, kuwa mlinzi bora wa vyuo vya umoja wa Big East. Katika msimu wake wa mwisho alifunga wastani wa pointi 13.6, akadaka mipira 10.8 na kuzuia mitupo zaidi ya minne kwa kila mchezo, na chuo chake kikafika nusu fainali ya taifa zima. Mwezi Juni 2009 timu ya Memphis Grizzlies ikamteua wa pili miongoni mwa chipukizi wote wa mwaka ule, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi ya NBA.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Memphis ilikwisha kuwa na mchezaji wa kati, Marc Gasol kutoka Hispania. Kijana wetu, pamoja na sifa zote za kuteuliwa wa pili, alikuwa msaidizi tangu siku ya kwanza. Katika msimu wake wa kwanza alicheza michezo 68, lakini kwa dakika chache, na wastani wake ukawa pointi 3.1 tu. Mwezi Februari 2010 alipelekwa kwa muda katika ligi ndogo ya maendeleo, kwenye timu ya Dakota Wizards. Kabla yake hapakuwa na mchezaji aliyeteuliwa juu namna ile akapelekwa huko. Mwaka mmoja baadaye, Februari 2011, Memphis ikamtoa.

Inafaa tueleze jinsi mambo hayo yanavyofanyika. Katika ligi ile si desturi ya timu kuuza mchezaji kwa fedha kama vilabu vyetu vya kandanda vifanyavyo. Timu hubadilishana wachezaji, pamoja na haki za kuteua chipukizi wa miaka ijayo. Mkataba humfuata mchezaji aendako, na aghalabu yeye mwenyewe haulizwi. Thabeet alipelekwa Houston Rockets pamoja na mwenziwe na haki ya kuteua chipukizi, na Memphis ikampata Shane Battier, mkongwe mwenye sifa ya ulinzi na busara.

Tuitendee haki Memphis. Tukihesabu faida ya msimu ule peke yake, uamuzi wake ulikuwa sahihi. Tangu kuanzishwa kwake mwaka 1995 timu hiyo haikuwahi kushinda hata mchezo mmoja wa mtoano. Ilipofika Aprili 2011 ikiwa ya nane, ilipangwa na San Antonio Spurs iliyokuwa ya kwanza katika kanda yao. Katika mchezo wa kwanza Battier alitupa mpira wa pointi tatu ndani ya dakika ya mwisho, Memphis ikashinda, na hatimaye ikawatoa Spurs kwa michezo minne kwa miwili. Nani atamlaumu kiongozi aliyempa mtu asiyetumika akapata mtu wa kumtumia papo hapo?

Hata hivyo, upande wa pili nao una hoja. Mchezaji mrefu wa kati hukomaa polepole kuliko wenzake. Mwili mkubwa huchelewa kupata wepesi wa miguu, na ulinzi chini ya kikapu hautaki nguvu peke yake. Unataka mazoea ya kutambua mpira utaangukia wapi na mpinzani atageukia upande gani. Mazoea hayo hayafundishwi ubaoni. Hupatikana kwa kucheza, kukosea, kuadhibiwa na mwamuzi, na kucheza tena kesho yake. Kijana aliyeanza mchezo akiwa na miaka 15 alihitaji dakika nyingi za uwanjani kuliko wengine, naye akapewa chache kuliko wengine.

Mfano ulio wazi zaidi ni huyo huyo Gasol. Alipoteuliwa mwaka 2007 alikuwa wa 48, yaani karibu na mkia wa orodha. Lakini hakukimbilia benchi la Marekani. Alibaki nyumbani Hispania akicheza katika timu ya Girona, ambako alitegemewa kila mchezo, na mwaka 2008 akatajwa kuwa mchezaji bora wa ligi ya nchi yake. Ndipo akavuka bahari. Mwaka 2013 alitangazwa kuwa mlinzi bora wa NBA nzima. Vipaji vyao hatuwezi kuvipima kwa mizani moja, lakini mazingira yao yanaonekana bila ya miwani. Wa 48 alifika akiwa amekwisha kubeba timu ya watu wazima mabegani mwake, na wa pili alifika akakuta kiti chake kimekaliwa.

Baada ya hapo Thabeet alipita mikononi mwa timu kadhaa. Houston haikumpa nafasi ya kucheza isipokuwa mara chache mno, na Machi 2012 ikampeleka Portland Trail Blazers katika mabadilishano yaliyomhusu mkongwe Marcus Camby. Mwaka huo huo Oklahoma City Thunder, iliyotoka kucheza fainali ya ligi, ikamchukua awe msaidizi wa Kendrick Perkins.

Hapa tunaona kazi ya mchezaji wa akiba ikifanywa inavyopasa. Katika msimu wa 2012 hadi 2013 alicheza michezo 66, kiasi cha dakika 12 kwa kila mchezo. Pointi zake zilikuwa chache, lakini kazi ya msaidizi haipimwi kwa pointi. Yeye humpumzisha anayeanza ili awe na pumzi katika robo ya mwisho, huingia pale mwenzake anapoelemewa na faulo, na huwafanya wapinzani wasite kukaribia kikapu. Timu ile ilishinda michezo 60 msimu huo, naye alikuwa na sehemu yake ndogo lakini ya haki katika ushindi huo. Iwapo kulikuwa na mahali ambapo akiba hii ilianikwa juani, palikuwa ni hapo.

Lakini mwaka 2013 Thunder ilimteua Steven Adams, kijana wa miaka 19 kutoka New Zealand, nayo ikaamua kumlea kwa kumchezesha tangu msimu wake wa kwanza. Michezo ya Thabeet ikashuka hadi 23. Agosti 2014 alipelekwa Philadelphia 76ers, na baada ya siku chache akaachwa bila ya kuichezea. Alikuwa na umri wa miaka 27, amecheza michezo 224 ya NBA, na hakurudi tena katika ligi ile. Alicheza baadaye nchini Japani na Taiwan, akaendelea kupata riziki kwa kazi aliyoijua, jambo ambalo ni la heshima.

Basi hukumu yetu ni ipi? Tunasema kwamba kumweka mchezaji wa akiba ni sawa, na kumtoa ni sawa vile vile, ilimradi mwenye timu ameamua na anatenda kwa mujibu wa uamuzi wake. Kosa ni njia ya tatu, ya kumshikilia mtu bila ya kumtumia wala kumfundisha wala kumwachia aende anakohitajika. Anayemweka hana budi kumpa dakika zake, hata kama zitamgharimu mchezo mmoja au miwili. Asiyekusudia kumpa dakika hizo na amwachie mapema, kijana angali na thamani na ari. Memphis haikukosea kumtoa mwaka 2011. Kosa lake, kwa maoni yetu, lilianza mwaka 2009 ilipomchukua chipukizi wa thamani kubwa kabla ya kujiuliza atacheza wapi.

Funzo hili linatuhusu sisi zaidi ya linavyowahusu Wamarekani. Katika mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA, kila mara huonekana kijana mmoja anayewapita wenzake kwa kichwa na mabega. Huenda ametoka Makete au Makambako. Huenda ametoka Wete au Makunduchi. Watu humshangilia kwa urefu wake, timu humsajili ili asichukuliwe na wapinzani, kisha huwekwa benchi kwa sababu bado ni mzito wa miguu. Msimu unapita na wa pili unafuata. Hafundishwi, haazimwi kwa timu ndogo ambako angecheza kila wiki, wala haruhusiwi kuondoka. Akifika miaka 22 huambiwa kwamba hana kipaji. Huo ni ubadhirifu wa mali ya taifa, ingawa haumo katika vitabu vya mkaguzi wa hesabu.

Ndiyo maana tunawaelekea viongozi wa serikali, Bara na Visiwani, kwa mambo matatu. La kwanza ni viwanja. Mpira wa kikapu unataka sakafu ngumu na tambarare. Hauchezeki katika matope ya masika ya Njombe wala katika mchanga wa pwani. Halmashauri inapojenga shule, sakafu moja ya saruji yenye milingoti miwili si anasa, hasa ikiwa itatumika pia kwa netiboli na wavu. La pili ni walimu. Kijana mrefu akutane na mwalimu anayejua kufundisha miguu na mikono akiwa na miaka 10 au 12, kwani samaki hukunjwa angali mbichi. Thabeet alianza amechelewa, na deni la miaka ile halikulipika kwa urahisi. La tatu ni kanuni. Vyama vya mchezo huu viweke utaratibu wa maandishi wa kuwaazima vijana wasiochezeshwa, ili klabu isiyowahitaji mwaka huu isiwafungie milango, na wazazi wajue mapema haki ya mtoto wao, pamoja na masomo yake.

Jirani zetu wametangulia. Rwanda ilifungua ukumbi mkubwa wa michezo mjini Kigali mwaka 2019, na mwaka 2021 ligi ya kikapu ya bara zima la Afrika ilianzia humo. Leo kijana wa Kiafrika anaweza kupata dakika za kucheza bila ya kuvuka bahari, akakomaa karibu na nyumbani kama Gasol alivyokomaa Girona. Mlango huo uko wazi kwetu pia, lakini hauingiwi kwa urefu peke yake.

Hatukuandika haya kumpunguzia Hasheem Thabeet sifa yake. Yeye alifika mahali ambapo Mtanzania mwingine hakuwahi kufika, na vijana wengi walishika mpira wa kikapu kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Tumeandika kwa ajili ya yule wa baada yake, ambaye huenda hivi sasa anainama kupita mlango wa darasa huku nyanda za juu, au anachezea mpira wa kuazima katika uwanja wa Pemba. Tukimwita akiba yetu, basi tumwanike juani mapema. Na kama hatuna jua la kumpa, tumruhusu alitafute kwingine kwa baraka zetu.