Amoksilini haitibu kila homa

Wengi wetu tumewaona wavuvi wa Kibirizi na Ujiji wakitengeneza nyavu ufukweni. Ukuta wa bakteria nao umesukwa kama wavu mgumu: nyuzi za sukari zimeunganishwa kwa mafundo ya jamii ya protini. Ndani, maji husukuma kwa nguvu. Ukuta ndio unaomzuia bakteria asipasuke.

Anapokua, hukata mafundo machache, huingiza nyuzi mpya, kisha hufunga tena. Akirefuka vya kutosha, hujenga ukuta katikati na kuwa wawili. Baadhi huweza kugawanyika kila dakika 20, hivyo mmoja akawa 512 kwa saa 3.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928, pamoja na ndugu yake amoksilini, huzuia kazi ya kufunga mafundo. Bakteria huendelea kukata bila kufunga, na mwishowe hupasuka. Chembe za mwili wetu hazina ukuta huo, kwa hiyo dawa haizibomoi.

Lakini vijidudu vya malaria, inayotusumbua sana Kigoma, na virusi vya mafua navyo havina ukuta huo. Anayempa mtoto mwenye malaria amoksilini ya dukani anapoteza saa za thamani.

Basi, wazazi, mtoto akiwa na homa, tumpeleke zahanati apimwe. Akipumua harakaharaka au mbavu zikibonyea, tusingoje kesho. Akipewa amoksilini kwa nimonia, amalize dozi hata akipata nafuu, wala tusimgawie jirani vidonge.